Hei Kwenye Kizimba cha Panya: Tuanzie Puani

Wasomaji wanaofuga panya huuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: je, hei inafaa? Mmoja tayari ana sungura au simbilisi, robota liko stoo, na haoni kwa nini panya watafutiwe kitu kingine. Mwingine yuko Leeds au Minneapolis, mtoto amerudi nyumbani na panya wawili wa dukani, na ile rafu ya "wanyama wadogo" imepangwa hei, maranda na vyakula vya kila aina bila kusema kipi ni cha nani. Mwingine yuko Nairobi, ambako duka la pembejeo lina hei ya boma rhodes tele, lakini ukiuliza matandazo ya karatasi muuzaji anakutazama tu. Jibu langu ni fupi, na mengine yote hapa ni kulitetea: hei si sumu, lakini si chakula cha panya, haifai kuwa tandiko la sakafu ya kizimba, na nafasi pekee inayobaki ni ya mchezo, konzi moja au mbili, tena ikiwa imekaguliwa.

Wengi wakisikia swali la usalama hufikiria tumbo: akiila itamdhuru? Mara nyingi haitamdhuru, kwa sababu hataila kwa wingi. Swali la kuanza nalo ni jingine kabisa: akiivuta kwa pua, saa ishirini na nne, siku zote za maisha yake, itamfanya nini? Ukianza na swali hilo, mengi yanayobishaniwa kuhusu hei yanajipanga yenyewe.

Panya tunayemzungumzia

Panya anayefugwa majumbani ni Rattus norvegicus, yule yule aliyejaa kwenye maabara za dunia, awe mweupe mwenye macho mekundu, mweusi, au wa mabaka. Uingereza ndiko ufugaji wake wa mapenzi ulikoota mizizi, na chama cha wafugaji wake, National Fancy Rat Society, kimekuwepo tangu 1976. Si panya buku wa Morogoro, wale ambao APOPO huwafundisha pale Chuo Kikuu cha Sokoine kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Hao ni jamii nyingine, wakubwa zaidi, wenye mahitaji yao. Wala si panya wa darini aliyenaswa akatiwa kwenye ndoo. Huyo wa mwisho mwacheni, hata akiwa mdogo na anavutia. Haijulikani amebeba nini.

Mapafu ndiyo yanayoamua

Panya hapumui kwa mdomo. Pua yake ikiziba hana njia ya akiba, na ukimwona anahema mdomo wazi, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo. Pafu lake la kushoto ni sehemu moja tu nzima, la kulia lina sehemu nne. Juu ya hapo, karibu kila panya anayeuzwa dukani au na mfugaji wa kawaida amebeba bakteria waitwao Mycoplasma pulmonis, aliowapata kwa mama yake akiwa kinda. Hawatoki. Dawa huwapunguza nguvu, haiwamalizi, na panya huishi nao kwa amani au kwa vita kutegemea hali ya mwili wake na hewa anayovuta. Kwa hiyo mwenye panya asiyepiga chafya asidhani ana panya asiye na ugonjwa wa mapafu. Ana panya ambaye ugonjwa wake umelala.

Kinachouamsha kinajulikana vizuri. Mwaka 1976, Broderson, Lindsey na Crawford walichapisha kazi yao ya Marekani: panya wenye bakteria hao waliowekwa kwenye hewa yenye amonia, kuanzia sehemu 25 hadi 250 kwa milioni, walipata uvimbe mkali zaidi wa pua, sikio la kati, koo la hewa na mapafu kuliko wenzao walioambukizwa vilevile lakini wakavuta hewa safi. Na amonia iliyotoka kwenye matandazo machafu ilifanya kazi ile ile kama amonia safi ya maabara. Amonia hiyo haitengenezwi na panya mwenyewe. Bakteria waliomo kwenye kinyesi na matandazo huuvunja mkojo na kuitoa, na hufanya hivyo kwa kasi pale penye unyevu. Pua ya panya iko sentimita chache juu ya hapo, yako iko mita moja na nusu juu, na ukikaa chumbani muda mrefu pua yako huizoea harufu ukaacha kuisikia.

Vumbi nalo huiwasha njia hiyo hiyo ya hewa. Kumbuka mambo haya mawili, vumbi na amonia, kwa sababu kila hoja ya hei huishia kwao.

Kilichomo ndani ya robota

Hei ni nyasi zilizokatwa, zikaanikwa na kufungwa. Ikifungwa vizuri, unyevu ukiwa umeshuka hadi kama asilimia 15, hukaa miezi bila kuharibika. Ikifungwa mapema, au ikanyeshewa shambani, robota hupata joto katikati na ukungu huota humo ndani wakati nje bado panaonekana pazuri. Madhara yake kwa mapafu yalionekana kwa binadamu kwanza: mwaka 1932, huko Uingereza, Campbell alieleza wakulima waliougua baada ya kushughulika na hei iliyoota ukungu, na ugonjwa huo hadi leo unaitwa mapafu ya mkulima. Wafugaji wa farasi nao wana kisa chao. Farasi anayelishwa hei yenye vumbi hupata pumu, ndiyo maana wengi huiloweka kabla ya kumpa. Ikiwa mnyama wa kilo 500 anaumwa kwa vumbi la hei, sioni kwa nini mnyama wa gramu 400 mwenye mycoplasma atarajiwe kuvumilia.

Ukitaka kujua kilichomo, chukua konzi ya hei, nenda dirishani asubuhi jua linapoingia kwa mshazari, tandaza kanga au fulana nyeusi, kisha ikung'ute juu yake mara tano sita. Tazama hewani kwanza, halafu kwenye kitambaa. Utaona vumbi la kijivu likielea kwenye mwanga, na chini utakuta mbegu, vipande vya majani vilivyosagika, mchanga, na pengine kidudu kinachotembea. Ukungu una alama yake: ukiipasua hei, unga mweupe au wa kijivu unafuka kama moshi. Hiyo isiguse kizimba.

Yanayokuja na hei, ukiacha vumbi, ni haya:

- Utitiri na chawa, hasa kama robota lilihifadhiwa ghalani penye panya wa mwituni au kuku. Panya wako akianza kujikuna shingoni na mabegani hadi vidonda, usiitoe hei kwenye orodha ya washukiwa.
- Mkojo na kinyesi cha panya wa mwituni. Homa ya leptospira husambaa kwa njia hiyo, na huwapata watu pia.
- Ndevu za masuke na mabua magumu. Panya huchimba kwa kichwa, macho yamejitokeza, na jicho lililochomwa na bua huvimba ndani ya siku moja.
- Magugu. Hei ya kukatwa pembeni mwa barabara ina kila kitu, pamoja na moshi wa magari.
- Dawa ya kupe, pale nyasi zinapotoka malishoni ambako ng'ombe hunyunyiziwa.

Kwa walioko pwani kuna jingine. Robota lililotoka Naivasha kavu kabisa, au kutoka shamba la serikali la Vikuge pale Kibaha, likikaa stoo Mombasa, Tanga au Unguja wakati wa masika hunywa unyevu wa hewa. Aliyekuuzia hajakudanganya. Hali ya hewa imeibadilisha baada ya kununua, na ukaguzi wa siku ya kununua haukutoshi mwezi wa pili.

"Lakini si inasaga meno?"

Hoja hii ndiyo inayonunuliwa zaidi, na imetoka kwa wanyama wengine. Sungura na simbilisi wana meno yanayokua maisha yao yote, ya mbele na magego pia. Magego hayo yasiposagwa na nyasi kwa saa nyingi kila siku yanarefuka, yanachoma ulimi na shavu, na mnyama anakufa njaa chakula kikiwa mbele yake. Kwao hei ni uhai, na anayewanyima anawaua taratibu.

Panya ana meno 16. Manne ya mbele ndiyo yanayokua bila kusimama, kwa kasi ya milimita mbili hadi tatu kwa wiki. Magego yake 12 yakishaota, basi. Hayo manne ya mbele huyanoa mwenyewe kwa kuyasugua moja kwa jingine. Ile sauti ya kukereza unayoisikia panya akiwa ametulia begani kwako ni kazi hiyo. Chakula kigumu, kipande cha mti laini na ganda la boksi vinasaidia kidogo. Bua la hei ni jembamba mno kuyasaga meno ya mbele, na magego hayahitaji kusagwa. Usishtuke pia kuona meno hayo yana rangi ya njano au ya chungwa: ni chuma kilichomo kwenye gamba la jino, na ndiyo afya yake.

Kuhusu lishe, habari ni fupi. Panya hula nafaka, mboga, wadudu, nyama na mabaki ya mezani. Mwili wake haukuumbwa kupata riziki kutoka kwenye nyasi kavu. Ana sehemu ya utumbo inayochachusha nyuzinyuzi, lakini haifui dafu mbele ya ile ya sungura. Anayejaza hei kwenye bakuli akapunguza peleti na mboga anampunguzia protini na vitamini. Hei ya lusini ina protini na kalsiamu nyingi, lakini panya mzima hana haja ya kuitafuta humo. Panya pia hawezi kutapika, kwa hiyo kitu kibaya kikishapita kooni hakina njia ya kurudi. Akitafuna bua moja mbili kwa udadisi, mwache.

Kwa nini isitandikwe sakafuni

Tuseme umepata hei safi, haina vumbi, haina mdudu, imenukia shamba. Bado haifai kuwa matandazo, na sababu sasa ni ile ya pili, amonia. Bua la nyasi lina ngozi laini isiyofyonza. Mkojo hupita katikati ya mabua, hukusanyika chini kwenye trei, na hapo juu pamefunikwa, hewa haipiti, pana joto. Juu panaonekana pakavu na pasafi siku tatu nne, wakati chini bakteria wanafanya kazi yao. Matandazo ya karatasi angalau hufyonza, na yanapolowa unaona.

Joto nalo si dogo. Panya hatoi jasho kama sisi. Hujipoza zaidi kwa mkia, ambao hauna manyoya na una mishipa mingi ya damu. Joto likipita nyuzi 30 huanza kutaabika. Tandiko nene la hei huhifadhi joto, jambo jema kwa sungura aliye nje wakati wa baridi ya Ulaya, na baya kwa panya aliye chumbani Dar es Salaam mwezi wa Februari umeme ukiwa umekatika.

Kwa jike mwenye mimba au anayenyonyesha, nasema hapana bila masharti. Vitoto vya panya huzaliwa uchi na vipofu, hufungua macho wiki ya pili inapoisha, na ngozi yao huchubuliwa na kitu ambacho wewe ukikishika huoni ukali wake. Mpe karatasi laini zisizo na manukato, atazichana mwenyewe.

Pingamizi ninazozitarajia

Pingamizi la kwanza ni la maumbile: panya wa mwituni hulala kwenye majani makavu, iweje wa nyumbani ashindwe? Ni kweli hulala humo. Lakini wengi wa mwituni hawamalizi mwaka, na hakuna anayehesabu wangapi wamekufa kwa mapafu. Muhimu zaidi, panya wa mwituni anachagua. Kiota kikichafuka anahama, na mkojo anaumwaga nje ya anapolala. Uliyemfungia kwenye sentimita 80 kwa 50 hana pa kuhamia. Wewe ndiye uliyemchagulia hewa.

La pili ni la uzoefu: wapo waliotumia hei miaka yote na panya wao wazima. Siwabishii. Pengine hei yao ilikuwa safi, chumba kina hewa, na wanabadilisha matandazo kila siku mbili. Lakini panya huishi miaka miwili hadi mitatu, na ugonjwa wa mapafu hujitokeza akianza kuzeeka, kwenye umri wa mwaka mmoja na nusu hivi. Mtu husema "uzee umemfika" na kumzika, bila kuuliza kama uzee huo ungeweza kuchelewa miezi sita. Kwa mnyama wa miaka miwili, miezi sita ni robo ya maisha. Na vumbi halina alama. Haliachi jeraha la kuonyesha kwamba ndilo lililoua.

La tatu ni la kifurushi: kimeandikwa kinafaa panya, na kuna picha. Picha hiyo huwekwa ili bidhaa moja iuzwe kwa wenye wanyama sita. Soma nyuma uone kama imepunguzwa vumbi, nyasi gani, ilivunwa lini. Hei iliyopunguzwa vumbi ni bora mara nyingi kuliko robota la shamba, na kama utatumia hei ya mchezo ndiyo ninayoipendekeza kwa walioko inakopatikana. Haigeuki kuwa matandazo kwa sababu hiyo, bado haifyonzi.

La nne ni la bei, na hili ndilo ninaloliheshimu zaidi. Robota ni rahisi, matandazo ya karatasi kutoka nje ni ghali au hayapo. Lakini gazeti la jana na boksi la dukani ni bure, na yote mawili yanaishinda hei kwenye kazi hii.

Ukiamua kuitumia, fuata njia hii

Inayobaki ni hei kama kitu cha kuchimba na kutafuta chakula. Panya wanaipenda kazi hiyo kweli kweli, na mnyama asiye na kazi huharibika tabia.

1. Nunua kidogo. Kilo moja inakutosha miezi. Robota zima litaharibika kabla hujalimaliza.
2. Tazama rangi. Kijani kibichi au njano ya majani makavu ni sawa. Kahawia iliyoungua, madoa meusi au utando mweupe, acha.
3. Nusa. Iwe na harufu ya shamba. Ikinuka stoo ya chini, tumbaku au mkojo, acha.
4. Fanya jaribio la kitambaa cheusi. Ikung'ute nje ya nyumba hadi vumbi lipungue, kisha rudia dirishani. Likiendelea kufuka, hiyo hei si ya panya.
5. Toa kwa mkono masuke yenye ndevu, mabua yanayochoma kiganja, na magugu usiyoyajua.
6. Ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, iweke kwenye friza siku mbili tatu. Baridi huua utitiri wengi na vidudu vingine. Haiui ukungu, wala haiondoi vumbi, kwa hiyo usitumie friza kuokoa hei iliyokwisha kuharibika.
7. Iache irudi kwenye joto la chumba ndani ya mfuko huo huo uliofungwa, ili unyevu wa hewa usigande juu yake.
8. Weka konzi moja au mbili kwenye boksi pana la wazi, nje ya kizimba au kwenye kona moja. Nyunyiza humo mbegu chache za alizeti au punje za shayiri.
9. Baada ya saa moja au mbili, itoe. Iliyokojolewa hutupwa siku hiyo. Usiihifadhi kwa sababu "bado nzuri".

Panya mwenye historia ya kukohoa, kupumua kwa mlio au aliyewahi kutibiwa mapafu asiingizwe kwenye boksi hilo kabisa. Mpe la karatasi zilizokunjwa. Chakula kilichofichwa ndani ndicho anachokitaka.

Makosa yanayojirudia

- Kuilowanisha hei kizimbani ili kutuliza vumbi. Farasi humaliza yake kwa mlo mmoja. Iliyobaki kizimbani imelowa, kesho yake ni shamba la ukungu.
- Kuipasha kwenye maikrowevu au oveni "kuua wadudu". Nyasi kavu hushika moto haraka sana. Nyumba ina thamani kuliko hei.
- Kuianika juani na kuamini imekuwa safi. Jua huikausha, vumbi na vijimbegu vya ukungu hubaki.
- Kupulizia dawa ya kunguni au ya utitiri wa kuku. Panya hujilamba mwili mzima, na dozi ya kuku si dozi ya panya.
- Kubadilisha hei kwa majani ya mpunga au maganda ya mpunga. Maganda hayo yamezoeleka kwenye mabanda ya kuku, lakini yana ncha kali na vumbi lake ni baya zaidi.
- Kuhamia kwenye unga wa msumeno kutoka kwa fundi seremala. Hapo umeruka vumbi na kutua kwenye vumbi.
- Kudhani dalili zisipoonekana wiki ya kwanza basi hazitakuja.

Uweke nini badala yake

Sakafuni weka karatasi. Gazeti lililochanwa vipande vya upana wa vidole viwili, tabaka tatu nne, linalobadilishwa kila siku mbili tatu kwenye kona ya choo na lote kila wiki, linafanya kazi vizuri. Wino wa gazeti unaweza kuwapaka panya weupe kijivu kidogo. Ni suala la sura zaidi kuliko afya. Maboksi yasiyo na plastiki wala gundi nyingi yachane au yaache mazima kama nyumba. Kwenye majukwaa na vitanda vya kuning'inia, kitambaa cha flisi kinachofuliwa kwa sabuni isiyo na manukato kinatosha.

Maranda ya mbao yana masharti. Yawe makubwa, si unga, yachekechwe, na yasiwe ya miti inayonukia. Mierezi, misonobari na saipresi hutoa mafuta yenye harufu ambayo huwasha njia ya hewa na kulipa ini kazi. Ile harufu nzuri ya mbao mpya inayokupendeza wewe ndiyo yenye kasoro. Viwandani maranda hukaushwa kwa joto kali na hupungua ukali, ya karakana ya mtaani hayajakaushwa hivyo. Walioko Ulaya wana matandazo ya katani na ya kitani, makavu na yenye vumbi kidogo, na mimi ningeanza na hayo kabla ya hei yoyote.

La kuonya hapa: usiwape pamba ile laini inayouzwa kama tandiko la kiota, wala nyuzi ndefu. Hujisokota kwenye mguu hadi damu ikakatika, na ikimezwa huziba utumbo. Kati ya pamba hiyo na hei, afadhali hei.

Panya mpya akipiga chafya siku chache za mwanzo, harufu za nyumba ngeni zinaweza kuwa sababu. Lakini ukisikia mlio wa kukwaruza ukimweka sikioni, ukiona mbavu zinaingia na kutoka kwa nguvu, mgongo umekunjika na manyoya yamesimama, au kimiminika chekundu machoni na puani, mpeleke kwa daktari wa mifugo, kwanza ukiuliza kwa simu kama ana uzoefu na wanyama wadogo. Wekundu huo kwa kawaida si damu. Ni rangi inayotolewa na tezi iliyo nyuma ya jicho, na huzidi panya akiwa mgonjwa au ana msongo. Beba na konzi ya matandazo uliyokuwa ukitumia, kwenye mfuko. Usinunue antibayotiki ya ng'ombe dukani ukaigawa kwa kukisia.

Kama wewe mwenyewe una pumu au unapata mafua ya chavua, hei ndani ya chumba cha kulala ni tatizo lako pia kabla halijawa la panya. Na robota lililobaki stoo, likiwa bado zuri, mpe jirani mwenye mbuzi. Lililoota ukungu usimpe hata mbuzi, lipeleke kwenye mboji, nawe ufunge kitambaa puani unapolibeba.